Jibu: Vipele vya maji, ni surua au tetekuwanga?

Pole sana dada. Umesema vipele vya mwanao vilianzia kifuani, vina maji, vinamwasha, na wenzake shuleni huko Jinja wanavyo. Hiyo yaelekea ni tetekuwanga. Surua hutanguliwa na homa kali, kikohozi na macho mekundu kwa siku kadhaa, ndipo vipele vinaanzia usoni, navyo havina maji. Mtazame mgongoni kwenye mwanga: kipele kimoja chekundu tu, kingine kama tone la umande, kingine kimeshafanya gamba, vyote kwa pamoja? Basi ndiyo tetekuwanga yenyewe. Mkate kucha, mpake kalamaini, ile losheni ya kutuliza mwasho. Aspirini usimpe kabisa, nakuomba! Abaki nyumbani hadi vyote vikauke, mbali na wajawazito. Akihema kwa shida au akilegea, mkimbize kituo cha afya.