Kola ya kitanzi: hicho kipande kinachoteleza hakimlindi mbwa wako

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina mbwa dume, chotara wa German Shepherd, miezi 14, kilo 32. Tunaishi pembezoni mwa Arusha. Fundi ngozi amenitengenezea kola ya kitanzi: mkanda bapa wa ngozi, ncha moja ina pete, ncha nyingine inapita ndani ya pete hiyo na ndiyo ninayofungia kamba ya kumwongozea. Kwenye mkanda kuna kipande kidogo cha ngozi cha kusogeza mbele na nyuma. Mchana namtembeza nayo, usiku namfunga nayo kwa mnyororo karibu na geti. Sasa wiki ya pili, kila akivuta anakohoa. Je, kola ni mbovu au naivalisha vibaya? Na hicho kipande si ndicho kinachozuia asinyongwe?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaendelea kusoma, nenda kamvue hiyo kola ikiwa anayo sasa hivi. Usimfunge nayo usiku wa leo wala usiku mwingine wowote. Kola ya kitanzi inafaa tu wakati ncha ya pili ya kamba iko mkononi mwako, kwa sababu mkono wako ndio unaoilegeza. Mnyororo hauwezi kulegeza. Mbwa aliyefungwa karibu na ukuta akiona paka upande wa pili ataruka, na akishaning'inia hana pa kukanyaga. Nimeletewa mbwa wa namna hiyo asubuhi, wakiwa wameshakufa, na wenye nyumba hawakusikia hata kelele, maana mbwa aliyebanwa koo habweki. Kama ni lazima afungwe, tumia mkanda mpana wa bizimu usiobana zaidi, au mkanda wa kifuani, na mnyororo usiofika ukutani. Afadhali zaidi umwache huru ndani ya uzio.

Sasa hicho kipande. Watu wengi wanakielewa kinyume. Kikikaa nje ya pete, upande wa kamba, kazi yake ni kuzuia kitanzi kisifunguke sana mbwa akatoa kichwa. Hakizuii kisibane. Ukikisogeza karibu na shingo ukidhani unamlinda, unamwekea kitanzi kisichoweza kulegea hata ukiiachia kamba. Kinachomlinda ni kizuizi cha pili, kilichoshonwa au kupigwa ribiti mahali pamoja, ndani ya kitanzi upande wa mbwa, ambacho pete ikikifikia haiwezi kupita tena. Kola yako, kwa maelezo yako, haina hicho. Rudi kwa fundi akuwekee.

Mpe vipimo viwili. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima shingo nyuma tu ya masikio, ukiwa umelaza vidole viwili chini ya utepe. Kisha pima kichwa mahali kilipo kipana, kupita kwenye paji na chini ya taya. Tuseme shingo imetoka sentimita 45 na kichwa 50. Kitanzi kikibana mpaka mwisho kibaki 45, na kikifunguka kipite 50 bila kukwaruza masikio. Mbwa wako bado anatanuka shingo katika umri huu, kwa hiyo pima tena baada ya miezi michache.

Kuvalisha nako kuna upande. Ikiwa unamtembeza kushoto kwako, simama mbele yake mtazamane, ukishike kitanzi kikiwa na umbo la herufi P, halafu kipitishe kichwani. Ukikiona kama tarakimu 9, kigeuze. Katika umbo la P, sehemu ya mkanda inayoteleza inatoka juu ya ukosi na kushuka kwenye pete upande wa kulia wa shingo, uliko wewe. Ukilegeza kamba, uzito unairudisha na kitanzi kinafunguka chenyewe. Katika 9 mkanda unatokea chini ya koo kupanda juu, na uzito huohuo unakishikilia kikiwa kimebana. Unaweza kulegeza kamba kabisa na mbwa bado amekabwa. Ukibadili ukamtembeza kulia, umbo nalo libadilike.

Jaribu kwanza juu ya paja lako. Vuta kidogo, achia. Pete isipoteleza kurudi, kola hiyo haifai leo, hata kama imevalishwa sawasawa. Ngozi bapa ina shida hii zaidi kuliko ngozi iliyoviringishwa kama kamba, na ikilowa mvua huvimba na kukwama kabisa. Mimi huchagua ya kuviringishwa, hasa kwa mbwa mwenye manyoya marefu shingoni, kwa kuwa haiyakati. Mwambie fundi atumie ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miwati, miti hiyohiyo inayolimwa Njombe: ni ngumu mwanzoni lakini haivutiki ovyo. Ngozi ya kromu ni laini na hurefuka, na vipimo vyako vinakuwa bure. Ikataliwe kabisa ile ya vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi. Hupasuka bila onyo. Pete iwe ya shaba au chuma cha pua, imechomelewa. Pete ya funguo hufunguka. Ikilowa, ikaushe kivulini, mbali na jiko, kisha ipake nta ya nyuki kidogo.

Lakini nikuambie wazi, mbwa anayevuta kiasi cha kukohoa hajafikia kola ya kitanzi. Iweke kando kwanza. Mvalishe mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, shika kamba ya mita 1.5, na kamba ikikazika simama. Usimkurupue. Akigeuka na kamba ikalegea, mpe kipande cha nyama na mwendelee. Siku za mwanzo hamtafika hata kona ya mtaa, na si hasara. Mbwa akishajua kutembea kamba ikiwa imelegea, kitanzi kitakuwa alama tu shingoni mwake. Kuna mbwa ambao hawatakiwi kuvaa kitanzi kamwe: wadogo wa mwili kama Chihuahua na Pomeranian ambao koromeo lao la hewa hulegea na kujikunja, wenye pua fupi kama Pug, wenye ugonjwa wa macho (mvuto wa shingoni huongeza presha ndani ya jicho), na watoto wa mbwa.

Kuhusu kikohozi, kola iwe imevuliwa siku 3 au 4 ndipo utajua. Kikipotea, ilikuwa koo linabanwa. Kikiendelea hata akiwa amelala, au akiwa anatapika chakula ambacho hakijasagika, mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu nawe bila kusubiri. Huku kwetu kuna minyoo waitwao Spirocerca lupi, wanaokaa kwenye ukuta wa umio. Mbwa huwapata kwa kula mende wa kinyesi, au mjusi na matumbo ya kuku waliokwisha kuwala mende hao. Mwambie daktari kama mbwa wako hula vitu hivyo anapozurura, mwambie kikohozi kilianza lini na kama alikuwa anavaa kitanzi usiku, na umwombe apapase koo na kusikiliza kifua kabla ya kuandika dawa yoyote.