Sola ipi hiyo?

Swali: Ninaandika maelezo kuhusu mtambo wa makaa ya mawe unaosaidiwa na jua. Niseme "nishati jua" au "nishati ya jua"? Sentensi yangu ni hii: "Sola ikifungwa kwenye mtambo, makaa yatapungua." (Msomaji, Kizota, Dodoma)

Jibu: Ndugu yangu, nishati isubiri kidogo. Inayoniwasha ni hiyo "sola". Tumeitoa kwenye solar ya Kiingereza, na nyuma yake iko sol ya Kilatini, yaani jua. Asili yake haina ubaya. Ubaya ni kuibandika kwenye kila kitu kinachoanikwa juani. Mwambie fundi yeyote pale Majengo "nifungie sola", atakuja na paneli, betri na inverta. Mpeleke kwenye mtambo wako: yeye anatafuta pa kupitisha nyaya, wewe unasubiri mabomba!

Kwenye mtambo wa makaa, maji hayaingii kwenye boila, yaani chombo cha kuyachemsha yawe mvuke, yakiwa baridi. Hupashwa kwanza kwa mvuke unaochepushwa katikati ya tabini, ile mashine inayozungushwa na mvuke ili kufua umeme, kabla haujamaliza kazi yake. Sasa weka vioo vilivyopinda, vikusanye miale na kupasha mafuta yaliyo bombani, mafuta nayo yapashe maji hayo. Mvuke uliokuwa ukichepushwa unabaki kuzungusha tabini. Huko Colorado, Marekani, kituo cha Cameo kilijaribu hivyo mwaka 2010, mafuta yakifika nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Paneli iko wapi hapo?

Tena paneli hutoa umeme kidogo hata kukiwa na mawingu. Vioo hivi vinataka miale iliyonyooka. Mawingu yakitanda, au vumbi la kiangazi cha Dodoma likivikalia, joto linashuka na mvuke unachepushwa tena. Na tabini ina kiwango chake. Mvuke ukizidi haiumezi, ndipo opereta anapunguza makaa. Msomaji wa "sola" yako atayajuaje haya? Atadhani umeme wa paneli unachanganywa na umeme wa makaa, jambo lenye vifaa vingine na bei nyingine kabisa.

Andika: "Joto la jua likipasha maji yanayokwenda kwenye boila, makaa yatapungua."

"Sola" iache juu ya mapaa. Huko imeshinda, nami nimechoka kuifukuza. Ikikulazimu, walau imalizie: sola ya umeme, sola ya maji moto.

Ama "nishati jua" na "nishati ya jua", zote zinatumika. Mimi huweka "ya".