Maswali na majibu: printa ndani ya gari la wagonjwa

Dereva wa gari la wagonjwa, Dodoma: Kwa nini tumepewa printa ndogo isiyotumia wino badala ya ile ya ofisini?

Wino wa maji hukauka kwenye matundu ya printa isiyotumika kwa siku kadhaa, na printa ya leza huhitaji umeme mwingi wa kupasha joto roli linaloyeyusha unga wa wino, umeme unaoielemea betri ya gari ya volti 12. Printa ya joto haina shida hizo, kwa kuwa kichwa chake kina mstari wa vipasha joto vidogo sana, aghalabu vinane katika kila milimita, na karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapoguswa na joto. Upande uliopakwa ni mmoja tu, kwa hiyo karatasi ikitoka nyeupe, ikwaruze kwa ukucha kabla ya kumwita fundi: upande unaobaki na alama nyeusi ndio unaopaswa kuelekea kichwa cha printa.

Muuguzi, Mombasa: Nilifungua faili la mgonjwa baada ya miezi kadhaa nikakuta karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, iliyoletwa na wahudumu wa gari, imefifia kabisa. Je, printa ilikuwa mbovu?

La hasha. Maandishi ya aina hii huliwa na jua, joto, spiriti, gundi ya utepe na hata mfuko laini wa plastiki ambao watu huutumia wakidhani wanaitunza karatasi, na ndiyo maana risiti za dukani nazo hufutika zikiwa ndani ya pochi. Mgonjwa anapopokelewa, toeni kopi kwenye karatasi ya kawaida siku ileile, na kopi hiyo ndiyo ikae kwenye faili. Msiipitishe karatasi halisi kwenye mashine ya laminesheni, kwani joto lake litaigeuza yote kuwa nyeusi.

Mhudumu wa dharura, Nakuru: Mistari ya moyo hutoka ikiwa imetetemeka. Nitajuaje kama kosa ni la printa?

Tazama alama ya mstatili inayochapwa mwanzoni au mwishoni mwa mstari. Katika mpangilio wa kawaida, yaani milimita 10 kwa milivolti moja na mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, alama hiyo huwa na kimo cha milimita 10 na upana wa milimita 5. Ikiwa vipimo hivyo ni sahihi na kingo zake zimenyooka, printa ni nzima, na mtetemo umetoka kwa mgonjwa anayetetemeka, kwenye elektrodi iliyolegea kwa jasho, au kwenye gari linalopita barabara mbovu. Simamisheni gari kwa muda mfupi, mpime upya. Mstari mweupe mwembamba unaopita karatasi nzima kwa urefu ni jambo jingine: hapo kichwa kina uchafu au kipasha joto kimoja kimekufa.

Mratibu wa magari, Mwanza: Taarifa zetu sasa ziko kwenye vishikwambi. Kuna haja gani ya kuendelea kuchapa?

Ipo, na kwa maoni yangu ni kubwa. Dalili za mshipa wa moyo kuziba zinaweza kuonekana nyumbani kwa mgonjwa kisha zikatoweka kabla ya gari kufika hospitali, hivyo kipimo cha kwanza huenda kikawa ushahidi pekee alio nao daktari, naye anauhitaji mkononi hata mtandao ukiwa umekatika. Ila karatasi zilizoharibika zisitupwe hivihivi, kwa sababu sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Zichaneni vipande vipande.

Muuguzi, Arusha: Je, ni kweli karatasi hizi zina sumu?

Baadhi zina bisfenoli A, kemikali inayoweza kuvuruga homoni, ambayo Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha chini ya asilimia 0.02 katika karatasi hizi tangu Januari 2020. Ombeni roli zisizo nayo, na msizishike mikono ikiwa bado imelowa kitakasa mikono, kwani hupenya ngozi kwa urahisi zaidi.