Maswali yenu: hawa wa chuo wanaokuja na fomu, sisi tunapata nini?

Wiki hii meseji nyingi kutoka Kigoma ni kuhusu watafiti wa afya, nimechukua nne.

Walikuja wakawapima watoto wetu damu, wakauliza mpaka choo kikoje, wakaondoka jumla. Wakirudi tuwafukuze? (Mama wa Kibirizi)

Mama usiwafukuze, ila wabane kabla mtoto hajachomwa kidole. Utafiti wa afya lazima uwe na kibali cha maadili, yaani karatasi ya kuonesha umekaguliwa kwamba hautawaumiza watu, omba ukione, alafu waulize majibu ya mwanao utayapata lini na nani atakuletea. Fomu ya ridhaa usiisaini kama hujasomewa ukaelewa, na kama bibi anaelewa Kiha tu basi asomewe Kiha. Ukikataa hawaruhusiwi kukunyima huduma zahanati. Na mwenyekiti wa mtaa kabla hajagonga muhuri wake aandike kwenye muhtasari kwamba matokeo yatasomwa kwenye mkutano wa mtaa, kwa Kiswahili, sio yaishie kwenye jarida la huko kwao.

Mbona kila wakiitisha kikao sisi wavuvi hatupo? (Katonga)

Kwa sababu hawajauliza mwezi ukoje! Dagaa wanavuliwa giza, taa zinawaka usiku kucha, saa nne asubuhi mvuvi amelala na mkewe yuko mwaloni anaanika, sasa wewe na projekta yako unaongea na nani? Subiri mbalamwezi, boti zimepumzika, utawapata wote. Alafu mtu anaandika kwenye ripoti eti "jamii ina mwamko mdogo" kuhusu kipindupindu, wakati hao wavuvi ndo wangemwambia kwamba huku ufukweni ukichimba choo kidogo tu unakutana na maji, na ziwa lilivyopanda miaka hii ndo kabisa, kwahiyo kuwahubiria watu wachimbe vyoo bila kuleta fundi wa choo cha kuinuliwa ni kupoteza mafuta ya gari.

Nasoma chuo, kwetu Kasulu, nataka utafiti wangu usaidie nyumbani. Nianzie wapi?

Dogo, usije na mada ya utafiti tayari. Kaa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii na kamati ya zahanati uwasikilize, wao wanajua mjamzito gani amekwama kwa kukosa nauli. Kule Detroit, Marekani, tangu 1995 Chuo Kikuu cha Michigan, vikundi vya mitaani na idara ya afya wana bodi moja, wanachagua pamoja cha kutafiti. Wewe huna bodi, sawa, ila bajeti unayo hata ndogo, waoneshe. Hela ndo huwa inafichwa.

Soda na nauli wanazotupa ni rushwa? (Ujiji)

Hapana, ni fidia ya muda wako, umeacha biashara yako ukakae kwenye benchi. Ila wagawe kwa usawa bwana, sio kiongozi akunje posho mfukoni na kina mama waambulie soda ya moto.