Kwa mnaoanza kempu Iten: chungeni mfupa wa ugoko

Nyinyi wakimbiaji mmefika Iten juzi, hewa ya mita 2,400 inawabana kifua na kila mtu anawaambia mtazoea, na ni kweli mtazoea. Kama wiki ya nne hivi unaanza kupumua vizuri, unashika kundi la mbele kwa fartlek ya Alhamisi, zile mbio za kubadilisha kasi, na roho inakwambia ongeza. Nawaomba hapo hapo msiongeze, juu hiyo wiki ndio ilinitoa mimi kwa barabara miezi minne.

Mfupa uko hai. Ukiupigisha murram kila siku unaanza kujijenga upya, lakini kwanza unabomoa. Kuna seli zinakula ile sehemu imechoka, hiyo ni kama wiki tatu, halafu zingine zinakuja kujaza, na kujaza kunachukua miezi mitatu ama zaidi. Sasa piga hesabu: wakati mapafu yamekubali, mfupa ndio umejaa vishimo ambavyo bado havijazibwa, na wewe unaongeza kilomita.

Mimi ilianza na uchungu mrefu hivi ndani ya ugoko, nikipasha misuli unapotea, nikasema ni uchovu tu. Baada ya siku kumi ukajikusanya mahali pamoja, padogo kama sarafu ya shilingi, nikibonyeza na kidole gumba naruka. Nikawa nameza dawa ya maumivu saa kumi na moja asubuhi ndio niende na wenzangu. Nikapigwa eksirei, ikatoka safi, nikafurahi nikarudi kukimbia. Hakuna mtu aliniambia ufa mpya kwa mfupa mara nyingi hauonekani kwa eksirei wiki za kwanza, MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ndio inauona mapema. Kwa hivyo kama kidole kinapata mahali pamoja panapouma, na ukiruka na huo mguu mmoja panachoma, simama, hata kama picha ni safi.

Hizo dawa nazo zina hatari yake. Kumeza ibuprofeni kabla ya long run na maji yamekuisha mwilini kunaumiza figo, na inakunyamazishia uchungu ambao ulikua unakuambia ukweli. Tena ule uvimbe wa ndani baada ya mazoezi makali, inflamesheni wanavyoita, si wote ni adui. Msuli ukifanya kazi ngumu unamwaga kemikali inaitwa IL-6 kwa damu, na hiyo ya msuli inaita zingine za kutuliza, yaani mwili unajipoza wenyewe ukiupa nafasi. Shida ni ukikimbia njaa, sukari ya msuli ikiisha hiyo IL-6 inapanda juu zaidi, halafu kesho ngumu tena na keshokutwa ngumu tena, haishuki, na mwili ukikaa na inflamesheni hivyo zile seli za kula mfupa ndio zinapata nguvu. Jumanne ngumu, Alhamisi ngumu, Jumapili ndefu, hizo zinatosha kabisa, siku za katikati kimbia polepole mpaka muweze kupiga stori.

Na mle jameni. Najua pesa ya kempu ni ngumu, lakini chai ya rangi pekee baada ya kilomita 30 hapana. Ugali, maziwa ama mursik, sukuma, mayai, omena, na mshibe. Mwili ukikosa chakula cha kutosha unazima homoni, kwa wavulana pia, na homoni zikizima mfupa haujengeki. Mwaka 2014 kamati ya kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina, RED-S. Dada zangu, hedhi ikikosa miezi mitatu nenda hospitali, na mtu akikuambia ati ni dalili umeiva kwa mazoezi usimsikize hata kama ni kocha, mfupa unaopoteza ukiwa na miaka 19 unaweza usirudi wote.

Ufa wa ugoko ukipumzika wiki sita mpaka nane mara nyingi unashika, unarudi kwa kutembea kwanza halafu mbio kidogo kidogo. Lakini kama uchungu uko ndani ya kinena na unauma ukikanyaga, hapo ni shingo ya mfupa wa paja, huo unaweza kuvunjika kabisa na ukahitaji upasuaji, kwa hivyo usijikaze urudi kempu na miguu, piga simu gari ikufuate hapo hapo barabarani ikupeleke hospitali siku hiyo hiyo.