Barua kwa mwanangu: rangi inayochanikia kwenye nailoni

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kwa nini rangi inachanika kila ukijaribu njia ya mchoraji wa Brazili, Beatriz Milhazes, na utaitoaje migomba ya kihamba chetu (shamba la nyumbani) hapa Moshi bila kuchora mgomba. Naanza na kuchanika, maana ndiko kunakomaliza rangi yako.

Milhazes, mzaliwa wa Rio de Janeiro (1960), ambaye karakana yake iko jirani na bustani ya mimea ya jiji hilo, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hupaka umbo kwenye nailoni angavu. Likikauka hulibandika kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, kisha huibandua nailoni. Kwa hiyo unachopaka kwanza ndicho kitakachokuwa juu: anza na mishipa na vitone, kisha mwili wa umbo, usuli mwisho. Kulia kutageuka kushoto.

Kagua nailoni kwanza. Ile laini ya kufunikia madaftari mara nyingi ni PVC, aina ya plastiki, na akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) huing'ang'ania. Tafuta nailoni ya kitalu nyumba, unene wa mikroni 200. Huko Arusha kwenye wakulima wa maua haikosekani. Halafu rangi: ya maji ya ukutani ina unga mwingi na gundi kidogo, ndiyo maana inakatika. Tumia akriliki ya wachoraji, maji yasizidi sehemu moja kwa tano za rangi, upake mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Unene ukaribie karatasi ya manila.

Kubandika ndiko kunakotaka subira. Paka gundi ya akriliki nyembamba kwenye turubai na mgongoni mwa umbo, laza, kandamiza kwa rola kutoka katikati kwenda pembeni. Sasa sikiliza: maji ya gundi hayawezi kupita kwenye nailoni, yana njia moja tu, mgongoni mwa kitambaa. Ukilaza turubai mezani umeiziba njia hiyo, na kesho utabandua gundi mbichi pamoja na rangi. Iegemeze wima, mgongo wazi, siku mbili. Masika, tatu au nne. Ubandue mchana. Asubuhi za Julai akriliki hukakamaa kwa baridi. Kunja nailoni irudi juu yake yenyewe, polepole, usiivute kwenda juu.

Kuhusu migomba, acha umbo la jani, kila mtu analijua. Chukua shina lililokwisha kuvunwa ndizi, likate mtambuka. Utaona maganda yamekumbatiana duara ndani ya duara, na ndani ya kila ganda vyumba vya hewa vimepangwa kama sega, vyeupe, kingo zikielekea kijani. Nakili mpangilio huo tu, ukubwa wa sahani, na urudie kwa vipimo vitatu. (Vaa nguo kuukuu, utomvu wake hautoki.) Kijani cha kwenye tyubu kina ukali wa plastiki. Changanya mwenyewe: njano nyingi, bluu uidondoshe kidogo kidogo ndani yake, kisha chembe ya kahawia nyekundu ili kipoe.

Kipande cha kwanza kisizidi sentimita 20. Ukishakibandua nitumie picha ya mbele na ya mgongo wa kitambaa pia, niangalie kama gundi imepenya.

Mama yako