Stata inazunguka ila gari haiwaki: usikimbilie pampu ya mafuta

Mkuu umesema Toyota Spacio new model yako stata inazunguka vizuri tu ila gari haiwaki, na fundi ameshakwambia uandae hela ya pampu ya mafuta kwa sababu ukifungua swichi mpaka ON haisikiki ikilia. Hiyo hela kaa nayo kwanza. Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haifanyi kazi ukiwa ON tu, kontroboksi (kompyuta ya injini) inaipa ruhusa pale unapopiga stata au injini ikiwa tayari inazunguka, kwa hiyo ukimya wa ON hauna maana yoyote. Kuna gari nyingine ukifungua swichi unasikia "ziiii" ya sekunde mbili hivi, sasa fundi aliyezoea hizo akija kwenye Toyota anaiandikia pampu cheti cha kifo. Fungua kifuniko cha tangi, tega sikio pale, mtu mwingine apige stata. Ukisikia inavuma basi umeme unafika na mota inazunguka. Presha ya mafuta ni habari nyingine, hiyo inapimwa kwa geji, lakini usinunue pampu kwa kuhisi.

Mimi nina Corolla NZE, injini ileile ya 1NZ kama yako, na iliwahi kunifanyia hivyohivyo. Ilikaa nyumbani muda mrefu haitembei, siku naiwasha stata inazunguka fresh kabisa halafu hamna kitu, hata kukohoa haikohoi. Fundi wa kwanza akasema pampu, wa pili plagi, wa tatu akataka koili zote nne (zile zinazopeleka moto kwenye plagi), na kila mmoja ana duka lake la spea kichwani 😂. Kilichonitoa pale ni mshale wa RPM, ule wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi. Ukipiga stata uangalie, kwa kawaida unanyanyuka kidogo, kama 200 hivi, maana kontroboksi inakuwa inasoma mzunguko kutoka kwenye sensa ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Wangu ulikuwa umelala sifuri moja kwa moja. Na ile sensa isipotoa taarifa kontroboksi inaona injini imesimama, haitoi moto kwenye koili na nozeli za kupulizia mafuta hazifunguki, hapo hata ufunge plagi mpya za iridium gari itakuangalia tu. Sio kipimo cha asilimia mia, dashibodi nyingine mshale ni mzito, ila ni cha bure na hakihitaji hata kufungua boneti.

Baada ya hapo nikatafuta fundi umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu, ikaleta P0335, ambayo ndio kodi (namba ya hitilafu) ya sensa ya krenki. Hapa sasa ndio watu wanaliwa, kodi ikisema sensa mtu anakimbia kununua sensa, wakati kodi inakwambia tu kwamba taarifa haifiki, inaweza kuwa sensa yenyewe, soketi au waya. Kwenye 1NZ sensa ipo chini upande wa mikanda, jirani na puli ya krenki. Jamaa akaingia chini na tochi, waya umetafunwa na panya, umebaki uzi. Akaunga, akasolda, akafunika vizuri, gari ikawaka stata ya kwanza. Wenye kuku na pumba karibu na parking mnanielewa.

Kama gari yenu inazima ikishapata moto, mnaiacha ipoe nusu saa inawaka tena kama hakuna kilichotokea, muishuku sana sensa hiyohiyo, zikichoka huwa zinakata zikipata joto.

Kingine mkuu uangalie kabla hujaita mtu, weka ON bila kupiga stata, taa ya cheki injini inawaka? Inatakiwa iwake. Kama haiwaki na taa nyingine zinawaka, basi kuna uwezekano mkubwa kontroboksi haipati umeme, anza na fyuzi ya EFI (mfumo wa umeme wa kupulizia mafuta) na rilei yake kwenye boksi la fyuzi, usiishie kuitazama fyuzi kwa juu, ichomoe uipime. Na kama kuna taa ya picha ya funguo inablinki wakati funguo iko ON, gari haiitambui funguo, jaribu ile ya akiba.

Na kuna aliyeuliza kwamba yake hata stata haizunguki, hiyo ni kesi tofauti. Ikilia "tikitikitiki" haraka haraka na taa za dashibodi zinafifia, ni betri au teminali zimeota ule unga, pima volti gari ikiwa imepumzika, betri nzima inasoma kama 12.6, ukikuta 12.2 hiyo iko nusu. Ikipiga "ta!" moja tu nzito na taa haziyumbi, mara nyingi ni vishaba vya ndani ya solenoidi ya stata vimelika, vinabadilishwa vyenyewe, hauna haja ya kununua stata nzima. Kimya kabisa, peleka gia kwenye N ujaribu tena, swichi ya gia huwa inagoma kwenye P.

Halafu acha kupiga stata mfululizo. Sekunde kumi basi, pumzisha nusu dakika, la sivyo unaunguza stata na kumaliza betri, unakuwa na matatizo matatu badala ya moja. Ukisikia harufu kali ya petroli ujue plagi zimelowa, kanyaga mafuta mpaka chini kabisa ndio upige stata, kwenye gari nyingi za EFI hapo nozeli zinakata mafuta na injini inajikausha. Na usikubali vijana wakusukumie, ya kwako ni auto, mtachoka bure.

Kesho asubuhi cheki vitu vitatu, mshale wa RPM, taa ya cheki injini ukiwa ON, na sauti ya pampu wakati stata inazunguka, halafu andika hapa umeona nini. Kama mshale unapanda na pampu inavuma, basi sio kesi kama yangu, twende kwenye moto wa koili na presha ya mafuta.